Goma: Kifuniko cha viraka ambacho mshonaji wake hakipendi

GOMA, KIVU KASKAZINI – Katika kata ya Ndosho, magharibi mwa mji wa Goma, akina mama wapatao kumi hukutana mara tatu kwa juma katika chumba kimoja chenye mashini mbili za kukanyaga. Wengi wao walihama makwao, wachache ni wenyeji wa mtaa. Wanashona nguo za wanafunzi, wanarekebisha suruali, na kazi ikipungua wanashona vifuniko vya kitanda kwa viraka vya vikwembe. Kwenye misumari ya ukuta wa mbao wa chumba hicho kunaning'inia mifuko. Ukiuliza ndani mna nini, akina mama wanacheka kidogo kisha wanaangalia chini. Mna kazi zilizoanzwa na hazijamalizwa, na nyingine wenyewe hawataki hata kuzitazama.

Mmoja wa mifuko hiyo, wa rangi ya bluu, ulikaa pale tangu mwezi wa nne hadi mwezi wa saba mwaka 2025 bila kufunguliwa. Mwenye mfuko ni mama mwenye umri wa miaka 41, mzaliwa wa vijiji vya karibu na Sake katika teritware ya Masisi, ambaye ameomba jina lake lisitajwe. Alihama mwezi wa pili 2024, vita vilipokaribia Sake na maelfu ya watu wakashuka Goma kwa miguu. Aliishi karibu mwaka mzima chini ya hema katika mojawapo ya kambi za pembeni ya mji. Kambi hizo zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, hakurudi kijijini kama wengine. Familia moja ya Ndosho ilimpa chumba cha nyuma, yeye na watoto wake watatu.

Ndani ya mfuko ule mlikuwa na nusu ya kifuniko cha kitanda. Rangi zake ni kijivu, zambarau na kahawia. “Ni rangi za mvua,” anasema yeye, na anavyolitamka neno hilo mvua, mtu aliyelala chini ya hema anaelewa mara moja.

Rangi hizo hakuzichagua yeye. Mwezi wa kumi na moja 2024, mama mmoja wa mjini, mfanyakazi, alimletea picha kwenye simu na kusema anataka kifuniko kama kile, mita 2 kwa mita 2 na sentimita 20. Walipatana dola 60. Akatoa avansi ya dola 20. Kwa mtu wa kambini, dola 20 zinazotolewa mkononi bila foleni na bila jeton si kitu cha kukataa kwa sababu ya zambarau. Dola 11 zilikwenda kwa vitambaa na uzi, tisa zilizobaki zikaliwa siku zile zile: makala, maharagi na daftari za mtoto.

Hesabu ya kifuniko chenyewe ilikuwa wazi. Kila kiraka kikatwe sentimita 12 kwa 12, kila mshono ule sentimita moja, kibaki sentimita 10 kwa 10. Viraka 20 kwa upana, mistari 22 kwa urefu. Jumla viraka 440. Alishona mistari tisa ya kwanza kwa mkono, akiwa kambini, mchana kwenye mlango wa hema na usiku kwa tochi ya simu ya jirani. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia Goma. Mabenki yalifungwa, watu wenye uwezo wakavuka mpaka, na yule mama wa mjini akaondoka bila kuaga. Namba yake ikawa haipatikani.

Hata hivyo mshonaji aliendelea. Alipofika Ndosho alishona mistari mingine minne, safari hii kwa mashini, kwa sababu alifikiri kwamba mwenye komandi atarudi siku yoyote na kudai mali yake. Mistari 13, viraka 260. Kisha akaacha. Hakuna aliyemkataza, wala uzi haukuisha. Asubuhi moja alitandika kazi juu ya meza apige pasi, akaitazama kwa muda, akaikunja na kuitia mfukoni.

Akina mama wa chumba hicho wameliongelea jambo hili mara nyingi, kwa sababu kila mmoja ana mfuko wake. Mama mzee anayewaongoza, ambaye alijifunza kushona kwa masista zamani akiwa msichana, ana msimamo mmoja: kazi iliyochukuliwa pesa imalizike. Kwake yeye kupenda au kutopenda ni mambo ya watu wenye nafasi. Kijana fundi wa nguo za wanaume, ambaye atelye yake iko nyumba ya tatu, ana msimamo kinyume kabisa. Yeye akiona kitu kimeharibika anakata na kutafuta faida mahali pengine. “Hii kitu inakusumbua bure, mama. Kata tu, utoe hata mito.” Mama mzee alimjibu kwamba suruali anazokata yeye ni za watu wengine na ndiyo maana mkono wake ni mwepesi.

Wote wawili walikuwa wanajibu swali ambalo bado halijaulizwa vizuri. Mtu akisema “siipendi kazi hii”, huenda anasema mambo mawili tofauti ndani ya neno moja. Huenda kazi ni mbovu, imekosewa, haitalala sawa kitandani. Au kazi ni nzima lakini jicho lake halitaki kuiona. Dawa ya jambo la kwanza iko kwenye wembe na pasi. Jambo la pili halina dawa ya aina hiyo, na mshonaji anayeyachanganya anaweza kufumua miezi mitatu ya kazi nzuri, au kumalizia kwa ukaidi kitu ambacho kitapasuka kikifuliwa mara ya pili.

Siku moja ya mwezi wa saba, mama mzee alimwambia ashushe mfuko na atandike kile kitu chini, si mezani, sakafuni, ili waone. Walitandika mkeka kwanza. Na pale ndipo makosa yalipojionyesha, kwa sababu sakafu haifichi.

Kosa la kwanza: mistari minne ya mashini ilikuwa mifupi kuliko ile tisa ya mkono. Kwa mkono alikuwa anaacha sentimita moja ya mshono. Kwa mashini, bila kujua, alikuwa anakula milimita mbili zaidi kila upande wa kiraka. Milimita mbili hakuna anayeziona. Lakini kila kiraka kina pande mbili, kwa hiyo kinapoteza milimita nne, na viraka 20 vinapoteza karibu sentimita nane. Ndiyo maana alipounganisha mstari wa kumi na ule wa tisa alilazimika kuvuta, na kitambaa kikafanya mawimbi. Wanaoshona viraka kwa mashini wanajua namna ya kujikinga: bandika kipande cha karatasi ngumu kwenye bamba la mashini, sentimita moja kutoka kwenye sindano, na makali ya kitambaa yafuate karatasi hiyo, si jicho.

Kosa la pili lilikuwa katikati, ambapo kifuniko kiliinuka kama kilima kidogo. Sababu yake ni mkasi. Vitambaa vya kahawia vilikuwa mabaki ya sakafu za atelye, vipande vyenye pembe za kila namna, na ili asipoteze kitu mama huyo alivikata kwa mshazari. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za urefu na nyuzi za upana. Ukikifuata kinatulia, ukikikata kwa mshazari kinavutika kama mpira. Kiraka kimoja cha namna hiyo hakidhuru. Ishirini vikikaa jirani, kifuniko hakilali tena.

Kosa la tatu lilikuwa doa. Mvua ilipopenya hema, zambarau ilitoa rangi na kuingia kwenye kijivu cha jirani. Wengine pale walishauri chumvi, kama inavyoshauriwa kila mahali. Chumvi haiwezi kufunga rangi ya kitambaa kilichokwisha kutoka kiwandani. Kinachosaidia ni kufua kila kitambaa peke yake kabla ya kukata, mara nyingi kadiri inavyohitajika, mpaka maji yabaki meupe, na kukisugua kwa kipande cheupe kilicholowa ili kuhakikisha. Kufua mapema kunasaidia pia kwa kuwa pamba inajikunja majini na kitambaa cha nailoni hakijikunji. Ukivishona pamoja kabla ya kufua, mishono itavutana baada ya kufua. Wax halisi ya pamba ina rangi sawa pande zote mbili. Ile ya bei ya chini imechapwa upande mmoja, na nyuma yake inaonekana imefifia. Anayeokota mabaki ageuze kwanza.

Kwa hiyo kazi ilikuwa na makosa matatu, na yote matatu yalikuwa na njia. Mama mzee alihesabu kwa vidole: kufumua mshono wa tisa na wa kumi, kubadili viraka vya kahawia kumi na viwili au kumi na vitatu, kukubali doa moja. Siku nne za kazi. Alisimama akiwa na furaha kama daktari aliyepata ugonjwa mdogo.

Mwenye kazi hakufurahi. Alikaa chini pembeni ya kifuniko na kusema maneno ambayo wenzake hawakuyatarajia: kwamba hata kikilala sawa kama maji ya ziwa asubuhi, yeye hawezi kukimaliza. Akaonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari. Mstari wa pili aliushona mtoto wake mdogo alipokuwa anahara. Wa tano, usiku ambapo jirani wa hema la tatu alifariki. Wa saba na wa nane, milio ya mabomu. Mistari yote tisa aliibeba mgongoni siku ya kuvunja hema, ikanyeshewa, ikakauka na ile harufu. Yeye anaposema zambarau ni mbaya, anajua kwamba zambarau haijamkosea mtu.

Jambo hili wahami wengi watalitambua bila kuelezwa. Kuna sufuria ambazo watu wamezikimbia nazo na leo hawazipikii. Kuna kandambili zilizofika salama na hakuna anayezivaa.

Lakini ndani ya kifuniko kulikuwa na kitu kingine, na hapa ndipo palipouma zaidi. Alipofika mstari wa kumi, kahawia ilikuwa imekwisha, na pesa za kununua nyingine hazikuwepo. Alikuwa na kikwembe kimoja cha kahawia chenye ndege wa mbayuwayu, kikwembe cha mama yake aliyefariki mwaka 2022. Baada ya matanga vikwembe vya marehemu viligawanywa kwa mabinti, na hicho ndicho kilichomfikia. Kilikuwa nguo pekee ya mama yake aliyotoka nayo kijijini, amejifunga nacho mtoto mgongoni. Alikata ukingo wake. Viraka vinane, viwili katika kila mstari, kutoka wa kumi hadi wa kumi na tatu.

Dada yake mkubwa, anayeishi Minova, alipopata habari hiyo kwa simu alikasirika mpaka akakata. Alipopiga tena aliuliza: “Umekata kikwembe cha mama juu ya komandi ya mtu?” Mdogo alijibu, “Yaya, ningefanya nini?” Tangu siku ile wakawa wanasalimiana kuhusu watoto, basi. Hawakugombana tena wala hawakupatana.

Mtu anaweza kusema dada mkubwa alizidisha, kwani kitambaa ni kitambaa. Sivyo watu wanavyoishi na vitambaa. Katika Alabama, kusini mwa Marekani, kwenye kijiji cha Waamerika weusi kinachoitwa Gee's Bend, mama mmoja, Missouri Pettway, alifiwa na mume mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alikusanya nguo za kazi za marehemu, suruali na mashati yaliyochakaa shambani, akazikata na kuzishona kuwa kifuniko, ili amkumbuke na ajifunike kwa upendo wake. Binti yake, Arlonzia, ndiye aliyesimulia baadaye. Vifuniko vya akina mama wa kijiji hicho, vilivyoshonwa ili watoto wasilale na baridi, vilianza kuonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa mwaka 2002, kwanza Houston. Missouri Pettway alikata nguo za mumewe kwa kusudi hilo hilo la kumkumbuka. Mama wa Ndosho alikata kikwembe cha mama yake kwa sababu kahawia iliisha. Dada mkubwa aliisikia tofauti hiyo kutoka Minova, na hakukosea kuisikia.

Kuhusu lawama ya viraka vyenyewe, kwamba ni kazi ya kuficha umaskini, Kongo ina jibu lake la zamani. Wakuba wa Kasai hufuma nguo za nyuzi za mti wa rafia. Wanaume wanafuma, wanawake wanatarizi. Rafia ikitoka kwenye kitanda cha kufumia ni ngumu, inatwangwa ili ilainike, na kwenye kutwanga inatoboka. Wanaosoma historia ya nguo hizo wanaeleza kwamba viraka vilivyoshonwa juu yake huenda vilianza kwa kuziba matobo hayo, kisha vikawa pambo lenyewe, na leo vinatafutwa na majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mama mzee alipoelezwa hayo alisema yeye anayajua matobo, asichokijua ni hayo majumba.

Basi afanye nini? Kwa siku kadhaa chumba kiligawanyika. Kumalizia kulikuwa na maana ikiwa mwenye komandi yupo. Kuuza kwa mtu mwingine kikiwa hivyo hivyo, nusu, kungeleta labda dola tano, na viraka vya marehemu vingekwenda navyo. Mwingine alipendekeza kukitumia kama tumbo la kifuniko kipya: unakifunika kwa kitambaa kingine juu na chini, kikawa joto la ndani, hakionekani tena. Njia hiyo ni ya zamani na ni nzuri, hasa kwa kazi iliyo nzima lakini inayochukiza macho. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa saba hakuna anayedharau tabaka la tatu. Mwenyewe alikataa. Alisema hataki kulala juu ya mstari wa tano akijua uko pale ndani.

Kuna aliyesema akichome. Huyo hakujibiwa.

Kilichovunja mkwamo hakikutoka chumbani. Mwana wa mama mwenye nyumba, kijana wa chuo, alitafuta ile namba ya zamani kwenye WhatsApp akaona picha imebadilika, maana yake mwenye namba yuko hai na ana simu. Mama alirekodi sauti. Aliirudia mara nne, kwa sababu ni vigumu kumwambia mtu aliyekulipa kwamba kazi yake imekushinda bila kuonekana mwizi. Alisema kazi imefika mistari 13, ina makosa, mengine ni yake, mengine ni ya mvua. Kwamba dola 20 hana leo, lakini deni analijua.

Jibu lilichelewa siku tisa. Yule mama yuko Kampala, hajui lini atarudi, kitanda cha mita mbili hana tena. Alijifungua mwezi wa tano. Hataki pesa zirudi. Ikiwa inawezekana, alisema, ashonewe kitu cha mtoto katika zile rangi, kwa sababu zile rangi alizipenda.

Hilo la mwisho lilimshangaza mshonaji kuliko habari ya pesa. Miezi yote hiyo alikuwa ameshawishika kwamba rangi zile ni mbaya kwa kila mtu mwenye macho.

Alianza kufumua siku ya posho iliyofuata, kwa wembe. Namna ya kufumua bila kuua kitambaa ni hii: usivute mshono wote kwa nguvu. Upande mmoja kata uzi mmoja katika kila nyuzi tatu au nne, kisha geuza kazi upande wa pili na uvute uzi mrefu. Unatoka wenyewe kama nywele kwenye siagi. Kisha piga pasi mahali pa mshono, na nafuu ufukize kwa kitambaa kilicholowa, ili matundu ya sindano yajifunge. Kwanza alitenga mistari tisa ya juu na minne ya chini. Halafu alitoa viraka vinane vya mbayuwayu, kimoja kimoja, akaviweka kwenye bahasha ya shule.

Hesabu iliyobaki ilimfurahisha mama mzee mpaka akaiandika ukutani kwa chaki. Mistari tisa ya viraka 20, ukiifumua katikati, inatoa vifuniko viwili vya watoto, kila kimoja viraka tisa kwa kumi, yaani sentimita 90 kwa mita moja. Mistari minne ilikuwa na viraka 80. Ondoa vinane vya marehemu, vinabaki 72, navyo ni nane kwa tisa. Kifuniko cha tatu. Hakuna kiraka kilichotupwa isipokuwa vile vya mshazari, vilivyobadilishwa kwa kijivu kutoka kwenye mfuko wa kijana fundi, ambaye alivitoa bure huku akisema yeye alishauri kukata tangu mwanzo.

Kwa tumbo la ndani alitumia blanketi kuukuu. Hakushona mistari ya kuunganisha matabaka yote, kazi hiyo ingekula majuma. Alifunga mafundo: uzi mnene unapita matabaka matatu, unarudi juu, unafungwa mara mbili, kila sentimita kumi, kwenye pembe za viraka. Kifuniko kilichofungwa mafundo ya kutosha kinafuliwa bila ndani kujikusanya. Kwenye kingo alitia utepe wa njano, mpana vidole viwili. Njano haikuwa kwenye picha ya simu. Hakumwuliza mtu.

Kifuniko cha kwanza kilivuka mpaka mwezi wa nane, kwenye mzigo wa mfanyabiashara anayekwenda Kampala. Cha pili kiliuzwa dola 12 kwa muuguzi mmoja wa mtaani, na nusu ya pesa hizo ikaingia kwenye AVEC ya akina mama, ambako alikuwa amechelewa majuma matatu. Cha tatu, kile kidogo chenye mistari ya mashini, alimpa mama mwenye nyumba kwa ajili ya mjukuu wake. Mama mwenye nyumba alikipokea kwa mikono miwili na kusema kwamba zambarau inafanana na maua ya viazi, ambayo mshonaji, mtoto wa wakulima wa Masisi, hakuwahi kuyafikiria.

Akina mama wengine nao wamefungua mifuko yao. Haikuwa kwa namna moja. Mmoja amemaliza yake kwa hasira ndani ya siku tatu. Mwingine alitandika, akatazama, akairudisha kwenye msumari na kusema wakati wake haujafika, na mama mzee, kwa mara ya kwanza, hakumsukuma. Kundi limekubaliana jambo moja la kazi: hakuna kushona komandi ya mtu kabla ya kushona viraka vinne vya mfano, kuvifua, na mwenye komandi kuviona kwa macho vikiwa vimekauka, siyo kwenye simu. Avansi ya vitambaa itatengwa na pesa ya mkono, ili komandi ikivunjika ijulikane nani anadai nini.

Kuhusu bahasha, mshonaji alipiga pasi viraka vinane, akavipanga vinne kwa vinne. Vinne alivipeleka bandarini na kumkabidhi mama mchuuzi anayepanda boti ya Minova, pamoja na sabuni mbili na salamu. Dada mkubwa alipiga simu jioni ile. Hakusema asante na hakusema pole. Aliuliza kikwembe kilichobaki kina urefu gani. Mdogo alikwenda kukipima, akarudi kwenye simu na kumwambia: mita moja na sentimita 40, na ndege wa katikati wote ni wazima. Dada alisema asikikate tena mpaka wao wawili waonane. Mdogo alisema sawa, yaya.

Boti za Minova zinaondoka asubuhi. Nauli ya kwenda bado hajaipata, lakini ameanza kazi nyingine, ya bluu na njano, viraka vya sentimita 12 kwa 12, na vitambaa vyote vilikuwa kwenye kamba tangu juzi, vimefuliwa mara tatu.